Tuimarishe Mikono Yetu, Tuchunguze Historia Yetu

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja, Nandi)

  

Kwanza kabisa nawashukuru kwa kufika. Najua wengine mmekama ng'ombe kukiwa bado giza, mkapeleka maziwa, ndipo mkaanza safari. Wengine mmeacha siku nzima ya kuchuma chai, na siku ya chai ni pesa. Kwa hiyo sitawapotezea wakati.

Nimeombwa niongee juu ya mambo mawili. La kwanza ni nguvu za mikono. La pili ni historia ya hapa kwetu. Mtu anaweza kuuliza, haya mawili yamekutana wapi? Mimi nasema yamekutana kwa wazee wetu. Kuna vitu viwili ambavyo kogo na kugo hupoteza polepole bila kelele: nguvu za kiganja, na habari walizosimuliwa na waliowatangulia. Vyote viwili hupotea haraka zaidi visipotumiwa. Na vyote viwili kikundi kinaweza kuvitunza kwa saa moja tu kila wiki, bila kungoja mfadhili. Tutafuata njia yetu ya siku zote: Tazama, Amua, Tenda.

TAZAMA: MIKONO YETU

Hebu kila mtu ashike kigasha cha mkono wake wa kulia, hapa chini ya kiwiko. Sasa kunja ngumi, halafu fungua. Unasikia misuli inavyocheza? Watu wengi hufikiri nguvu za vidole ziko ndani ya vidole. Sivyo. Misuli mikubwa ya kukunja vidole iko kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu. Ni kama waya wa breki ya baiskeli: unabonyeza huku, inakaza kule. Mkono mmoja, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27. Chombo hiki kimetengenezwa kwa ufundi wa ajabu, na sisi hukitumia mpaka kikatuuma ndipo tukakikumbuka.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Sisi tunalima, tunakama, tunachuma chai. Mazoezi ni ya watu wa ofisi." Hilo ni swali zuri, na majibu yake ni mawili.

Kwanza, kazi hurudia mwendo uleule. Mama anayechuma chai hufunga kidole gumba na kidole cha shahada mara maelfu kwa siku. Misuli ya kufunga inachoka na kano za gumba zinavimba, lakini misuli ya kufungua vidole haifanyi kazi kubwa. Mkono unakuwa na nguvu upande mmoja na udhaifu upande mwingine.

Pili, mzee huacha kazi kidogokidogo. Mwaka huu kijana wake anamkamia ng'ombe. Mwaka ujao mkaza mwana anamfungulia chupa ya dawa. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mkono usiopewa kazi hudhoofika. Mwishowe kogo hawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, wala kufunga kifungo cha sweta. Akijikwaa hawezi kushika mlango asianguke. Hapo ndipo anaanza kukaa nyumbani, hata kanisani haji, kwa sababu anaona aibu.

Madaktari nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliopima nguvu za kiganja za watu karibu 140,000 katika nchi 17. Waliokuwa na kiganja dhaifu walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kufa mapema. Tusikosee hapa. Haina maana kwamba ukifinya mpira utaishi miaka mia. Maana yake ni kwamba kiganja ni kama dirisha: ukichungulia hapo unaona hali ya mwili mzima. Mzee akianza kushindwa kushika vitu, msiseme "ni uzee tu". Uliza anakula nini, anatembea kiasi gani, na presha yake ilipimwa lini.

MAZOEZI YA KUFANYA PAMOJA

Haya hayahitaji kifaa cha dukani. Anzeni kwa kutia mikono katika maji ya uvuguvugu dakika chache, hasa asubuhi ya baridi.

1. Kukamua kitambaa. Loweka kitambaa, kikamue kwa mikono miwili mpaka maji yaishe. Mara kumi, halafu geuza upande wa kuzungusha.

2. Kufinya mpira. Tengeneza mpira kwa soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa. Finya, hesabu mpaka tatu, achilia polepole. Mara kumi kila mkono.

3. Kufungua vidole. Kata pete nyembamba ya mpira kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Ivishe vidole vyote vitano, halafu vipanue. Hili ndilo zoezi ambalo kazi zetu hazitupi, kwa hiyo msiliruke.

4. Kuokota maharagwe. Okota punje moja kwa gumba na kidole cha shahada, ya pili kwa gumba na kidole cha kati, hivyo hivyo mpaka kidole cha mwisho. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa mnaona kwa macho.

5. Kukunja gazeti. Weka ukurasa wa gazeti mezani, na kwa mkono mmoja tu uukunje mpaka uwe mpira mdogo ndani ya kiganja.

6. Kubeba na kusimama. Shika mtungi wenye maji kidogo, mkono ukiwa umenyooka kando ya mwili. Hesabu mpaka kumi na tano, weka chini. Ongeza maji kidogo kila baada ya wiki mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Fanyeni mara mbili au tatu kwa wiki, mkiacha siku ya kupumzika katikati. Kupukuchua mahindi na kukanda unga wa chapati pia ni mazoezi, mradi mbadilishane mikono. Msizuie pumzi wakati wa kufinya, hasa wenye presha. Uchovu ni sawa. Maumivu yanayokaa mpaka kesho yake yanakuambia upunguze.

Tena angalieni vifaa. Mpini mwembamba wa panga huchosha mkono kuliko mpini mnene kidogo. Zungushia kipande cha tyubu upate kushika vizuri. Jembe butu na panga butu ni adui wa kiganja.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kuna hali ambazo si za kikundi, ni za hospitali. Kiungo kilichovimba, chekundu na cha moto. Ganzi ya usiku katika gumba na vidole viwili vya jirani yake, isiyoisha. Sehemu ya ngozi isiyosikia kabisa, hata ikichomwa. Na zaidi ya yote, mtu ambaye mkono wake umelegea ghafla, mdomo ukaenda upande, au maneno yakamtoka ovyo. Huyo ni mgonjwa wa kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Apelekwe saa hiyo hiyo, asingoje kesho. Na aliyewahi kupata kiharusi aonyeshwe mazoezi yake na mtaalamu wa viungo kabla ya kujiunga na haya yetu.

MIKONO IKIFANYA KAZI, MDOMO UNGALI HURU

Mazoezi haya huchukua nusu saa, na kusema kweli yanachosha akili. Wiki ya kwanza wanakuja watu ishirini, wiki ya nne wanabaki watano. Ndiyo maana napendekeza tuyaunganishe na masimulizi. Mzee akijua kwamba Alhamisi ijayo anangojewa amalizie habari aliyoianza, atakuja hata mvua ikinyesha.

Masimulizi gani? Napendekeza tuanze na tendo moja la zamani la kumwaga damu, lililofanyika hapa hapa katika milima yetu, na lililofanyika kwa mkono. Nasema juu ya kuuawa kwa Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905.

Kwa vijana ambao wanalijua jina tu, hii ndiyo habari kwa ufupi. Koitalel alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa Wanandi katika mambo ya dini na vita. Kwa muda wa miaka kumi hivi Wanandi waliwapinga Waingereza waliokuwa wakipitisha njia na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Waya za simu zilikatwa zikawa mapambo, na vyuma vya reli vikafuliwa silaha. Serikali ya Waingereza ilituma majeshi mara kadhaa, na mwaka 1905 ikaandaa jeshi kubwa kuliko yote ya awali.

Afisa mmoja, Richard Meinertzhagen wa kikosi cha King's African Rifles, alimwita Koitalel wakutane wazungumze amani. Walikutana. Katika kupeana mikono, Koitalel akapigwa risasi akafa, na wengi wa watu aliofuatana nao wakauawa pale pale. Baada ya hapo upinzani ulivunjika, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa, na Wanandi wengi wakahamishwa kutoka ardhi iliyokuwa karibu na reli.

Mambo hayakuishia hapo. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923. Akakaa kizuizini mpaka mwaka 1964, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru. Hebu hesabuni hiyo miaka. Mtu aliingia kijana akatoka mzee.

AMUA: TUSIKILIZE USHAHIDI

Sasa kikundi kisikilize habari hii kama baraza la wazee linavyosikiliza kesi. Nani alisema nini, na aliona kwa macho yake au alisimuliwa?

Upande mmoja kuna Meinertzhagen mwenyewe. Alitoa kitabu cha shajara zake za Kenya mwaka 1957, zaidi ya miaka hamsini baada ya tendo. Anadai kwamba Koitalel ndiye aliyemvuta ghafla kwa hila, naye akajitetea. Tume tatu za uchunguzi zilimwondolea lawama. Lakini ulizeni: waliokaa katika tume hizo walikuwa nani? Wanandi walioponea chupuchupu waliitwa kutoa ushahidi kwa lugha yao? Na mbona mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki ikiwa hakuwa na kosa?

Kuna jambo lingine. Bwana huyu alikuwa mtaalamu wa ndege na wanyama. Hata yule nguruwe mkubwa wa msituni ana jina la Meinertzhagen katika vitabu vya sayansi. Alikusanya maelfu ya ndege waliokaushwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walichunguza mkusanyiko wake wakagundua kwamba ndege wengi aliwaiba kutoka majumba ya makumbusho, akawaandikia mahali na tarehe za uongo. Kwa hiyo shahidi wetu mkuu ni mtu aliyethibitishwa kuwa aliandika uongo katika jambo lingine. Hiyo haithibitishi kwamba aliongopa katika hili pia. Lakini baraza lolote la wazee lingempima kwa uangalifu.

Upande wa pili kuna masimulizi ya Wanandi. Husemwa kwamba Koitalel alikwenda kwa amani, na kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Masimulizi haya pia yapimwe. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 hakuona, lakini huenda babu yake aliona. Mwulizeni: ulisimuliwa na nani? Alikuwa wa ibinda gani? Alikuwa amesimama wapi? Hatufanyi hivyo kwa kumdharau mzee. Kumwuliza mzee vizuri ni kumheshimu.

Na kuna ushahidi wa vitu. Mwaka 2006 familia ya Meinertzhagen ilirudisha fimbo tatu za Koitalel zilizochukuliwa siku ile. Pale Nandi Hills kuna kaburi lake la kumbukumbu na jumba la makumbusho. Kikundi kinaweza kupanga safari ya siku moja, na wajukuu wakaenda pamoja na wazee.

TUSIFUNGUE KIDONDA ILI TUKITIE CHUMVI

Hapa nataka tuwe waangalifu sana. Tunajua katika Bonde la Ufa historia imewahi kutumiwa kama kiberiti. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Waliochochea hawakukosa hadithi za zamani za ardhi na damu.

Basi tuweke masharti. La kwanza, tuseme ukweli wote, hata usiotupendeza. Baba yake Koitalel, Orkoiyot Kimnyole, aliuawa mwaka 1890. Huyo hakuuawa na mzungu, aliuawa na Wanandi wenyewe. Na majirani zetu wanayo masimulizi yao juu ya mifugo yao iliyochukuliwa na vijana wetu. Tena askari wengi waliotumwa kupigana nasi mwaka 1905 walikuwa Waafrika. Anayesimulia historia ambayo watu wake hawana kosa hata moja, huyo anafanya siasa.

La pili, kosa ni la aliyelitenda. Mjukuu wa mtu hashtakiwi kwa damu iliyomwagwa kabla hajazaliwa. Hata zile fimbo zilirudi kwa sababu mtu wa familia ile ile alikubali kuzirudisha.

La tatu, lengo ni kuponya. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Mungu alijua, lakini alitaka neno litamkwe. Damu isiyosemwa huendelea kulia. Lakini Mungu huyo huyo alimwekea Kaini alama ili mtu asimwue kulipiza kisasi. Ukweli na rehema vinatembea pamoja.

Hapa ndipo mkono unaporudi. Kwetu kupeana mikono si jambo dogo. Tunapeana mikono tukikutana, tukinunua ng'ombe, tukiposa, na katika Misa tukitakiana amani. Tarehe 9 Machi 2018 nchi nzima ilishangaa kuona viongozi wawili waliokuwa wameshindana wakipeana mikono hadharani, na neno hilo likawa jina la kipindi kizima cha siasa. Mkono ulionyooshwa ni ahadi. Ubaya mkubwa wa mwaka 1905, kama masimulizi ya wazee wetu ni kweli, si risasi peke yake. Ni kwamba ishara ya amani ilifanywa mtego. Baada ya hapo watu watamwamini nani?

Kwa hiyo tunapoimarisha mikono tukumbuke nguvu hizo ni za nini. Kiganja kinachofinya mpira mara kumi ndicho kinachohesabu pesa za kikundi. Mweka hazina akinyoosha mkono kupokea mchango wa mama mjane, naye anaweka ahadi.

TENDA: SAA MOJA KWA WIKI

Huu ni mpango wa kujaribu kwa miezi mitatu.

Dakika kumi za kwanza: sala, salamu za kupeana mikono, na maji ya uvuguvugu. Katika wiki ya kwanza andikeni mambo matatu ambayo kila mzee anashindwa kufanya kwa mikono, kwa mfano kufungua kifuniko, kukama, kufunga kifungo.

Dakika thelathini: mazoezi huku mzee mmoja akisimulia. Kijana mmoja aandike katika daftari la kikundi, pamoja na jina la msimulizi na aliyemsimulia, akikubali jina liandikwe. Mwenye simu anayeweza kurekodi sauti arekodi.

Dakika kumi na tano: maswali, na kuchora ramani chini kwa vijiti na mawe. Njia ilipita wapi? Nyumba za zamani zilikuwa wapi? Kuokota na kupanga mawe nako ni zoezi la vidole.

Dakika tano: kupanga msimulizi wa wiki ijayo, na sala ya kufunga.

Miezi mitatu ikiisha, rudieni yale mambo matatu. Nani sasa anafungua kifuniko mwenyewe? Halafu someni daftari kwa sauti mbele ya wajukuu. Mtakuwa na mavuno mawili kutoka shamba moja.

Mkimaliza habari ya Koitalel msiishie hapo. Ulizeni ya kijiji chenu: mto huu, soko hili, mti ule vilipataje jina?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni nani amepungukiwa nguvu za mikono, na amejificha kwa sababu ya aibu?

2. Ni habari gani ya zamani ambayo mzee mmoja tu amebaki akiijua? Tutamwendea lini?

3. Ni jambo gani la zamani tunaogopa kulizungumzia mbele ya majirani zetu wa kabila lingine? Tungeweza kuwaalika walisimulie kwa upande wao?

4. Je, watu wakitupa mkono, wana sababu ya kutuamini?

Nabii Isaya, katika sura ya 35, aliwataka watu wake watie nguvu mikono iliyolegea. Kazi hiyo si ya daktari peke yake. Ni yetu. Sasa kabla hamjaenda kula, kila mmoja asimame ampe mkono mtu ambaye hajamsalimu leo. Shikeni vizuri, lakini wazee msiwavunje vidole.

Mungu awabariki, na awabarikie kazi ya mikono yenu.